Jumamosi ya ndege na ziwa, safari hii tunajipanga mapema

Mwanangu wa kati tunamwita Rubani. Jina la kwenye cheti analo ila nyumbani limeshapotea, hata bibi yake wa Ujiji akija anaulizia "Rubani yuko wapi", na chanzo cha yote ni mjomba wake. Mdogo wangu anaishi Chicago kule Marekani na kila Agosti mji wao una onyesho la ndege linafanyika ufukweni, Ziwa Michigan, sasa huwa anatupigia video akiwa palepale kwenye mchanga, watu wamejaa utadhani mnadani, afu ghafla zinapita ndege sita za kivita zimekaribiana hivi kama zimefungwa kamba moja. Mtoto aliona mara moja akiwa na miaka minne. Toka hapo kijiko ni ndege, kandambili ni ndege, mdogo wake akilala kifudifudi naye anageuzwa ndege.

Mwaka jana simu ilivyokatika akanigeukia, "Mama, kwani na sisi si tuna ziwa?"

Nilikosa jibu aisee. Maana ni kweli tunalo. Ziwa lao kwa eneo linatuzidi, kilomita za mraba kama 58,000 na letu kama 32,900, ila kwa kina hawatugusi, lao panapozidi ni mita 281, Tanganyika inafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Nikamwambia hivyo akafurahi, akaenda kuwatangazia wenzake madrasa. Lakini mi nikabaki na lile swali, kwa sababu hakuwa anauliza kina, alikuwa anauliza mbona sisi hatuendi. Nimekulia Kigoma, mwisho wa reli, ziwa naliona nikiwa naanika nguo hapa Mwanga, na siku niliyokaa ufukweni na wanangu wote watatu na baba yao na bibi yao toka asubuhi mpaka jua linazama, haipo. Ziwani tunaenda kununua dagaa. Tunaenda kupanda boti. Kukaa tu na watoto wakacheza mpaka wachoke wenyewe, hapana.

Kwaiyo tukajaribu mwezi wa tisa mwaka jana na ikaharibika, naeleza ili mwenye familia kama yangu asirudie. Niliwaambia watoto tutapita kwanza karibu na uwanja wa ndege waione ikitua, afu twende ufukweni. Dereva tuliyeongea naye jana yake hakutokea, simu haipokelewi, tukaanza kutafuta bajaji saa tatu na nusu asubuhi, mkononi nina mtoto, hotpoti, mkeka na dumu la maji. Tukasimama dukani kuchukua mkate. Tukiwa bado pale dukani tukasikia mlio juu, ule mzito wa pangaboi, na kabla sijageuka imeshapita nyuma ya mapaa. Rubani hakulia kwa sauti, alikaa chini kwenye ngazi ya duka akaweka kichwa kwenye magoti. Hiyo ndo iliniuma. Angelia ningembembeleza.

Ufukweni tukafika saa sita, jua la utosi, kivuli chote kimeshachukuliwa na watu waliowahi, bibi ikabidi tumwache nyumbani maana hawezi kukaa juani. Saa nane upepo ukaanza, mchanga ukaingia kwenye ugali, mchanga kwenye mboga, mkeka unaruka. Saa kumi tumesharudi. Jioni mjomba akapiga na bando likaisha simu imeita dakika mbili.

Sasa mwaka huu nilikaa na mdogo wangu kwenye simu karibu lisaa lizima, nikamwambia nieleze, nyie mnafanyaje na ule umati wote na watoto wadogo. Akanieleza, na katika maelezo yake akasema kitu kimoja ambacho sikukijua, kwamba lile onyesho lao kubwa lilianza mwaka 1959 kama siku ya familia tu, kwa ajili ya watoto waliokuwa kwenye kambi za mchana za idara ya bustani za mji, na bajeti yake ilikuwa dola 88. Dola 88! Kulikuwa na michezo, watu wa kuogelea, mashindano ya kupiga mbizi, na kikosi cha walinzi wa pwani kikaonyesha namna ya kuokoa mtu majini kwa ndege. Basi. Hayo mandege ya kivita yalikuja baadae. Mi nilikuwa nadhani ilianza hivyohivyo ilivyo.

Niliposikia hivyo nikapata nguvu. Sisi hatuna F-16, ila watoto tunao, ziwa tunalo, na ndege inatua Kigoma. Tunaanzia hapo.

Kwanza nieleze anavyofanya yeye, maana kuna watu wana ndugu huko na siku moja wanaweza kwenda. Onyesho ni Jumamosi na Jumapili katikati ya Agosti, kiingilio hakuna, kitovu chake ni ufukwe unaitwa North Avenue Beach. Yeye na gari hahangaiki nalo kabisa, anapanda treni ya Red Line anashuka kituo cha Clark/Division anatembea na watoto kuelekea mashariki mpaka anaona maji. Anabeba deli lake lenye maji na matunda, anabeba viti vya kukunja, pombe ufukweni hairuhusiwi. Na siri yake kubwa, mwaka ambao mtoto wake alikuwa mdogo sana hakwenda Jumamosi, alienda Ijumaa, siku ya mazoezi, ndege ni zilezile zinaruka na watu ni nusu kwa nusu. Hii nimeipenda sana. Mwenye mtoto mchanga huko akumbuke Ijumaa.

Afu masikio. Kwenye simu kelele tunaisikia ndogo kwa sababu simu inaikata, ila yeye anasema ile ndege ikipita chini unaisikia kifuani siyo sikioni, na pamba haisaidii kitu, mtoto anavalishwa yale mahedifoni makubwa ya kuzuia kelele, kama ya mafundi wa kiwandani. Timu mbili kubwa ndo zinapokezana miaka, Blue Angels wa jeshi la majini walioanza 1946 na Thunderbirds wa jeshi la anga walioanza 1953. Hao Blue Angels kuna pigo lao moja, ndege moja inakuja kwa kuvizia nyuma ya watu karibu kilomita 1,100 kwa saa, chini kidogo tu ya mwendo wa sauti, kwaiyo inakufikia karibu pamoja na mlio wake, watu mnaangalia huku nyingine zinakuja, ghafla BUU imeshapita kichwani. Watoto wasioandaliwa wanalia mpaka wanataka kurudi nyumbani. Yeye wa kwake anawaambia mapema, "kuna moja itakuja kwa nyuma", wanakaa wanaisubiri kama mchezo.

Rubani aliposikia habari ya mwendo wa sauti akataka kuelewa, na hapa nisimulie kidogo. Tulikuwa Kibirizi, nimeenda kuchukua dagaa, na pale pembeni kuna mafundi wanatengeneza boti za mbao. Fundi mmoja alikuwa mbali na sisi, anagonga misumari kwenye ubavu wa boti. Rubani akanivuta kitenge, "Mama, nyundo yake inachelewa". Nikaangalia. Kweli, nyundo inashuka inapiga msumari kimya, inanyanyuka, ikiwa imeshafika juu ndo unasikia "ko!". Nyundo juu, ko. Nyundo juu, ko. Miaka yote napita pale sijawahi kuona. Nikampigia mjomba wake palepale, akamwelekeza, sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwaiyo ukiona kitu kinapiga ukahesabu moja, mbili, tatu ndo ukasikia, kiko karibu kilomita moja. Toka siku hiyo radi ikipiga nyumba nzima inahesabu.

Haya, mpango wetu sasa.

Siku. Nimechagua Jumamosi ileile ya onyesho la Chicago, ya baada ya tarehe 15 Agosti, na siyo kwa ajili ya simu ya mjomba peke yake. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuvua kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wapumzike wazaliane, na wote tuliokuwepo tunakumbuka mgebuka ulivyokuwa unatafutwa kwa tochi. Mi siendi ufukweni Kigoma kula soseji jamani, nataka mgebuka. Na mwenye kutaka dagaa wabichi wa usiku huohuo aangalie na mwezi, kukiwa na mbalamwezi wavuvi hawatoki maana taa zao hazivuti kitu, giza ndo dagaa.

Ndege. Safari hii sitegemei bahati. Ratiba naulizia jana yake na asubuhi yake tena, maana ratiba zinabadilika, na tunatoka nyumbani lisaa limoja na nusu kabla. Chakula chote kinapikwa usiku, mkate unanunuliwa Ijumaa, asubuhi hakuna kusimama duka lolote. Tumekubaliana na baba yao kwamba usafiri ni Noah ya jirani, tumechangishana mafuta familia mbili, na yeye mwenyewe jirani anakuja na wanae kwaiyo hawezi kutuacha. Tunasimama nje kabisa, barabarani, mbali na fensi, hakuna mtoto kugusa waya wala kupanda, na simu za kupiga picha zinakaa mfukoni mpaka mlinzi aulizwe aseme ndio. Ule ni uwanja, una sheria zake. Mi nawafundisha watoto heshima ya pale tangu sa hivi kwa sababu huyu mmoja nadhani atakuja kufanya kazi pale siku moja.

Inayokuja mara nyingi ni ile Bombardier ya pangaboi, Q400, inabeba abiria 76. Najua mtu atasema sasa hiyo ndo ya kwenda kuangalia? Nenda na mtoto wa miaka sita uone. Simama pale ikianza kushuka, mwanzo ni nukta, afu nukta inaota mabawa, afu unaona magurudumu yametoka, afu matairi yakigusa chini kunatoka moshi mdogo mweupe, pa, na hapo ndo mtoto anaachia pumzi aliyokuwa ameibana. Onyesho la dakika mbili hilo. Yeye ameshaniambia anataka kuona kitu kimoja tu, kama pangaboi zinasimama zote mbili kwa pamoja au moja inatangulia.

Kutoka hapo tunampitia bibi Ujiji. Nilimuuliza vizuri safari hii, nikamwambia mama nataka na wewe uwepo, unahitaji nini ili ukae mpaka jioni, akasema vitu vitatu, kivuli, kiti chenye mgongo, na maji ya kutawadhia. Rahisi kumbe. Mwaka jana hatukuuliza, tulimwamulia sisi kwamba hawezi. Kiti cha plastiki chenye mikono kinapanda juu ya Noah, dumu moja ni la kwake peke yake, na kivuli ndo sababu ya kuwahi ufukweni kabla ya saa nne na nusu.

Tukiwa njiani nimepanga tupite upande unaoonekana bandari, dakika kumi tu, kwa ajili ya mtoto wangu mkubwa. Huyu ndege hazimsisimui kama mdogo wake, yeye ni historia, na Kigoma ina stori ya ndege na ziwa ambayo hata Chicago hawana. Ile meli yetu Liemba ilitengenezwa Ujerumani, Papenburg, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikaja kwenye maboksi mpaka Dar, ikapanda treni mpaka hapa mwisho wa reli, ikaungwa hapahapa Kigoma ikaingia majini Februari 1915, wakati huo inaitwa Graf von Götzen. Vita kuu ya kwanza hiyo. Wabelgiji upande wa Kongo wakaletewa ndege za Waingereza aina ya Short, ndege za majini, chini hazina matairi zina maboya, zinarukia kwenye maji na kutua kwenye maji. Mwaka 1916 mwezi wa sita zikavuka ziwa zikaja kudondosha mabomu hapa Kigoma, zinaitafuta hiyo meli. Fikiria mtu wa Ujiji wa wakati ule, hajawahi kuona ndege maishani, ya kwanza anaiona inatokea juu ya maji upande wa Kongo, na inadondosha moto. Mwezi uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha meli isichukuliwe, ila mafundi wakapaka mashine zake grisi nzito kwanza. Ikaja kuibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mkubwa wangu nilipomsimulia alikaa kimya muda, afu akasema, "Kwaiyo walijua wataitoa." Nataka amsimulie mdogo wake mwenyewe akiwa anaangalia maji yaleyale.

Ufukwe tumechagua Jakobsen, barabara ya kwenda Katonga. Miaka ya karibuni ziwa lilipanda sana, kule Kibirizi na Ujiji mwaloni watu wameona maji yakiingia mpaka kwenye majengo, kwaiyo sehemu tulizokuwa tunacheza sisi utotoni nyingine ni maji sa hivi. Jakobsen kuna miti, maji meupe unaona mpaka vidole vya miguu na vile visamaki vya rangi vinavyokaa kwenye mawe, na pametulia. Kuogelea, sheria ni zangu na hazijadiliwi, mtoto haingii bila mtu mzima ndani ya maji, siyo pembeni akiwa na simu, NDANI. Na mkienda kwingine msiingie karibu na midomo ya mito, Luiche au Malagarasi huko, mamba wapo siyo hadithi, na maji yaliyotulia yenye majani majani ndo nyumba ya konokono wa kichocho.

Chakula. Migebuka ya kukaanga, ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese, na dagaa wa kukaanga wakavu wa kutafuna wakiwa wanacheza. Nimejifunza kufunga kila sahani kivyake na kitambaa, kila mtu anafungua ya kwake anakula anafunga, hotpoti haikai wazi, mchanga hautupati tena. Mawese na nguo nyeupe msichanganye. Chai kwenye chupa, ya bibi bila sukari. Maji ya kunywa lita kumi na mbili kwa watu kumi, mtaona mengi ila yaliisha mwaka jana saa nane.

Na namba ya simu ya baba yao naandika kwa peni kwenye mkono wa kila mtoto, hii nimeichukua kwa mjomba, kule kwenye umati anafanya hivyo kila mwaka. Kitindamimba hajui hata jina langu kamili, anajua mama tu.

Sasa ule upepo wa saa nane uliotufukuza. Hapa ndo ninapopapenda kwenye mpango wote na wazo siyo langu, ni la baba yao. Alikuwa anakula akasema tu, "Si tupeleke tiara?" Nyumba ikalipuka. Upepo ule ule, badala ya kuukimbia tunausubiri!

Wiki nzima hii wanatengeneza tiara. Zamani sisi tulitumia mifuko ya rambo ila imepigwa marufuku toka Juni 2019 na ni vizuri, kwaiyo wametumia magazeti na karatasi za kaki za sukari. Fito ni za mchikichi, zile za katikati ya jani, wanazikwangua kwa kisu mpaka ziwe nyembamba sawasawa maana upande mmoja ukizidi uzito tiara inazunguka inapiga chini. Gundi ni uji wa muhogo, unashika kuliko gundi ya dukani. Kamba ni uzi wa nyavu, nimenunua Kibirizi. Mkia ni kanga yangu ya zamani, nimeichana vipande, na hapo palikuwa na mgogoro maana Rubani alitaka mkia mfupi "kama jeti" na baba yake akamwambia bila mkia haikai, wakajaribu ya mkia mfupi uwani ikajipigiza ukutani mara tatu, akarudi mwenyewe kuomba kipande kingine. Juu ya bawa ameandika NDEGE YA KIGOMA kwa mkaa. Zipo tano jumla, na jirani wanatengeneza zao tatu. Zinarushwa ufukweni tu, mbali na uwanja wa ndege, hilo tumewaambia kwanza kabla ya kuwapa hata uzi.

Nimeuliza mjomba zile ndege zao zinapata wapi ule moshi mweupe mrefu wa kuchorea angani, nilidhani ni mafuta yanaungua vibaya, kumbe wanamwaga mafuta laini ya parafini nyuma ya injini kwenye joto, yanageuka mvuke mzito mweupe. Rubani akauliza sisi tutapata wapi. Mkubwa akamfungia vumbi la chaki kwenye kitambaa chepesi mwishoni mwa mkia, ikitikisika inatoa. Walijaribu juzi. Ilitoa kidogo, mara moja, kama mtu aliyepiga chafya, wakapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Halafu jioni. Hili nimelipiga hesabu mwenyewe na nimefurahi nalo kuliko yote. Chicago wakati huo wa mwaka wako nyuma yetu masaa nane. Onyesho lao huwa linaanza kwenye saa nne asubuhi hivi. Sasa saa nne asubuhi yao ni saa kumi na mbili jioni yetu, yaani muda uleule jua letu linashuka kuelekea milima ya Kongo. Na ufukwe wao unatazama mashariki, wetu unatazama magharibi. Mdogo wangu analalamika siku zote kwamba asubuhi jua la ziwani linampiga usoni haoni ndege vizuri mpaka lipande, na sisi muda huohuo jua la ziwani linatupiga usoni likiwa linaelekea kuzama. Jua ni moja. Yeye anaangalia maji yake na sisi tunaangalia yetu, wote tumekunja macho.

Kwaiyo hatuondoki saa kumi. Tunakaa. Mjomba anapiga saa kumi na mbili kamili, bando nimeweka la siku nzima na chaji ya akiba ipo, simu inasimamishwa kwenye kiti cha bibi kila mtu aone. Tutaona mwanzo wa onyesho, wale askari wanaoshuka na miavuli wakitua kwenye mchanga, na kama mawingu yako chini kule basi hata baadae kutakuwa na onyesho la chini tu, maana zile za kupanda juu kabisa wanataka mawingu yawe juu ya futi 8,000 hivi. Hao wakubwa wenyewe huwa wanakuja mwishoni, kwetu itakuwa saa tatu usiku kuendelea, tutakuwa nyumbani tumeshaoga. Kitindamimba atakuwa amelala. Rubani ameapa halali.

Na kabla jua halijazama kabisa mjomba ametaka na yeye aonyeshwe, amesema msinionyeshe sura zenu tu, geuzeni simu nione tiara. Wanae wa kule hawajawahi kuona tiara ya mkia wa kanga, wala hawajawahi kuliona ziwa la baba yao, mkubwa wao ana miaka saba. Mdogo wangu aliposema hivyo sauti ilimbadilika nikajifanya mtandao unakata.

Bibi amepiga asubuhi hii, swali moja, kama Noah itampitia yeye kwanza au ndege kwanza, kwa sababu na yeye anataka kuiona ikitua. Miaka 71 Ujiji, inampitia juu ya nyumba, na kusimama akaiona ikigusa chini hajawahi. Basi nimebadilisha, bibi kwanza. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkeka nimeshauanika.